Mgeni wa Fundi

Mama Beatrisi wa nyumba ya pili aliwaapia askari kwamba amemwona yule mgeni akitawadha kwenye chemchemi, mpaka viwikoni, kama Mwislamu. Tangu mfalme mpya wa Kikristo auteke mji, hilo lilikuwa kosa la mtu kuvunjwa mkono.

Mgeni alikuwa Zulekha. Alikuja kumtazama kaka yake Idrisa, fundi wa mawe, ambaye sasa alikuwa amebatizwa na kuitwa Diego. Kaka alimtembeza, akamwonyesha mnara wa msikiti uliotiwa kengele na jumba jipya alilokuwa akilichongea malaika. Joto lilipomzidi Zulekha aliinama anawe uso, na mikono ikafuata mazoea.

“Haya, bibi, kesho tutaona utatawadhaje!” askari mkubwa alicheka. Akanyakua nyundo ya Diego, akaulaza mkono wa Zulekha kwenye ukingo wa jiwe, akaupiga. Mifupa ikaalika. Akaupiga tena, damu ikamrukia yeye askari usoni.

“Na wewe fundi, huyu ni nani wako?”

“Simjui,” Diego alisema. “Aliniuliza njia tu.”

Askari hakuondoka. Aliegemea nguzo, aone nani atamgusa.

Zulekha alijikokota hadi miguuni pa kaka yake, vidole vimelegea kama si vyake. Hakumwita kaka.

“Samahani, bwana fundi,” alisema, meno yakigongana. “Nifunge mkono kwa hicho kitambaa chako. Peke yangu siwezi.”

Diego alishika kitambaa shingoni mwake. Askari, nyundo ingali mkononi, akautazama mkono wa fundi.