Hodi ya Mama

Siku hizi hodi haiitikiwi na mtu. Kihisi cha mlangoni hupima kasi ya mitetemo ya sauti yako, kisanduku cha ukutani huitafuta kati ya sauti kilizohifadhi, na mlango hukukaribisha kwa jina.

Marehemu mama alikuwa akiusonya. "Mlango gani huu? Hata habari za nilikotoka hauulizi!"

Leo, baada ya miezi ya kuugulia ndani, nimetoka sokoni, sauti ikinikwaruza kwa uzee, nikaita kama alivyokuwa akiita yeye: "Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bi Mwanajuma."

Jina la mama! Nikasimama na kikapu changu, machozi yakinilengalenga. Tangu tumzike sijasikia mtu akimkaribisha.

"Na mwanangu Zulfa je, yumo?" nikautania mlango, nikijiulizia mwenyewe.

"Hajabisha hodi siku nyingi. Nimfute?"