Hodi ya Mifupa

Mwenye banda la video alishamwambia Singano, mtafsiri wake mpya: wakitoka watazamaji, na wewe utoke. Alasiri hiyo walishaanza kupiga miayo. Kwenye filamu, fundi redio wa leo aliyetupwa kimiujiza hadi enzi za wafalme na mapanga alikuwa amejifungia ngomeni, na mifupa iliyofufuka ikagonga lango. Singano akaisemea kwa sauti ya puani: "Hodi!"

"Karibu!" banda zima likaitikia kwa mazoea.

Lango likavunjika. Watu wakapiga mayowe, kisha wakacheka hadi machozi.

"Nyie, nani kaikaribisha hiyo mifupa?" akafoka mama mmoja.

Singano akatabasamu. Hatoki mtu leo.

Hapo mlango wa banda ukagongwa kweli.

"Hodi!"

Kila mtu akaziba mdomo kwa kiganja, akimtazama mwenzake aitikie.