Bakuli la Kanga

Pimbi alichukia kuosha vyombo kuliko alivyomwogopa chui. Akipika, aliwapelekea jirani zake chakula katika mfuko wa plastiki, nao wakishakula waliutupa. Kanga yeye alitembeza bakuli lake lilelile la mti.

"Shoga, bakuli hilo litakutesa mpaka lini?" Pimbi alimcheka. "Mimi nikishatoa nimemaliza."

"Mimi sijamaliza mpaka lirudi," alijibu Kanga.

Na halikurudi tupu, kwani kwao ilikuwa aibu kumrudishia mtu chombo kitupu. Leo lilileta kunde za Nungunungu, kesho viazi vya Ngiri.

Ukaja upepo wa kiangazi. Ukaizoa mifuko yote iliyotupwa, ukaimwaga juu ya tuta la mchicha la Pimbi, na mchicha ukafia chini yake. Pimbi akaenda kwa Nungunungu na njaa yake.

"Mwaka mzima nimewalisha," alilalamika. "Mbona hamnikumbuki?"

"Hukutuachia cha kutukumbusha," alisema Nungunungu. "Mfuko wako tuliutupa, tukasahau. Bakuli la Kanga kila nikiliona jikoni namkumbuka mwenyewe."

Jioni Kanga akabisha hodi kwa Pimbi, bakuli limejaa viazi. "Kula, shoga. Lakini bakuli langu nalitaka."

Pimbi akala akashiba. Akaliosha bakuli kwa majivu mpaka likatakata, kisha akatoka kuokota mifuko. Chini ya mfuko wa mwisho akakuta shina moja la mchicha lililo hai. Akalichuma, akalitia bakulini, akalipeleka.