Tausi Asoma wa Mwisho

Hapo wanyama walipokuwa na maktaba yao, waliitana wasomeane mashairi. Tausi akagoma kusoma mapema. "Bingwa ndiye hufunga shughuli," alisema, akawa anakariri beti zake huku wenzake wakisoma. Kobe alitangulia, akafuata Kunguru, kisha Mbuzi, na kila aliyemaliza alishika hamsini zake.

Zamu ya Tausi ilipofika, viti vilikuwa vitupu. Alibaki Kobe tu, karibu na mlango. Moyo ukamtulia Tausi, akasoma beti zote kwa madaha.

"Ahsante, Mzee Kobe, kwa kukaa kunisikiliza."

"Nani kakaa, mwanangu?" Kobe alihema. "Tangu nimalize langu niko njiani natoka. Hebu nifungulie mlango."