Herufi Kumi na Moja

Fidès alihesabu mara ya tatu. Herufi kumi na moja mwanzoni mwa jeni hazikuwa zake.

Miezi minane sasa, katika maabara moja ya Lilongwe, alikuwa akiiandika upya jeni ya bakteria wa udongoni. Bakteria huyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunja sumu ya kunyunyizia tumbaku, ile iliyomuua dada yake Orpa baada ya kunywa maji ya kisima karibu na Mponela. Fidès alitaka kazi hiyo ifanywe na bakteria wa kijani, waishio majini kwa mwanga wa jua tu. Ila hao husoma jeni kwa tahajia yao, hivyo ilibidi abadilishe herufi bila kugusa maana. Mara mbili alijaribu: chupa za bakteria hao zilikuwa kijani kizuri, na sumu ikabaki vilevile.

Jeni ya tatu iliagizwa kwa watengenezaji na Alexis, mwenzake wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Fidès alipokuwa amerudi kambini kuhesabiwa. Wote wawili walikaa mjini kwa vibali vya muda, na mradi ungemwombea kibali kipya mmoja tu.

Alipomuuliza, Alexis hakukana.

"Njo mi niligeuza," alisema. "Ngoja chupa zikomae, dada. Utaona."

Fidès hakungoja. Alimwendea Daktari Amanda, mkuu wa maabara, akamwambia kazi yake imeharibiwa makusudi, na nani kaiharibu. Alipoulizwa, Alexis alisema tu kwamba hakuwa na nia mbaya. Siku hiyohiyo alikabidhi funguo, akapanda basi la Dowa kurudi kambini. Aliomba jambo moja: chupa yake isimwagwe.

Daktari aliamuru jeni iagizwe tena, safari hii kama Fidès alivyoiandika, na chupa zote mbili zipimwe pamoja.

Wiki sita za kungoja chupa mpya ikomae, Fidès hakulala vizuri. Jumapili moja kanisani Dzaleka alimwona mama yake Alexis, akatoka kwa mlango wa nyuma kabla ya sala kuisha.

Siku ya kupima, Daktari alitia sumu katika chupa zote mbili, akasubiri, kisha akasoma mashine. Ile mpya, iliyoandikwa namba tu, haikuwa imevunja chochote. Katika ile ya zamani sumu ilikuwa imekwisha kabisa.

Daktari alivua miwani, akaketi. Alisema barua ya kibali itatoka wiki hiyo, kwa mwenye chupa iliyofaulu. Kisha akaigeuza chupa asome karatasi iliyobandikwa. Mwandiko ulikuwa wa Alexis, wa tarehe aliyoagiza jeni, na jina lilikuwa moja tu: Fidès.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo," akasema Fidès. "Ni yangu."