Kifungu cha Mlinzi wa Daraja

Waliokuwemo chumbani ni hawa: mwalimu mkuu, kwenye kiti pekee chenye mgongo; mwalimu wa Kiingereza, mwenye karatasi ya maswali; mwenyekiti wa kamati ya wazazi, fundi seremala kwa kazi, aliyeingia na vumbi la mbao kwenye nyusi; na mtahiniwa. Wengine wawili walioitwa hawakutokea. Shangazi wa mtahiniwa alibaki barazani na begi la nguo, kwa kuwa mwalimu wa Kiingereza hakuruhusu ndugu kukaa ndani wakati wa mtihani. Darasa la sita lilikuwa limetolewa nje kufyeka nyasi, ili chumba kipatikane.

"Shikamooni," alisema mtahiniwa.

"Marahaba. Keti, binti," alisema mwalimu mkuu. "Usiogope. Mwalimu huyu hang'ati, anasahihisha tu."

Seremala alicheka. Mtahiniwa aliketi kwenye dawati la mbele, magoti yakagusa ubao. Blauzi yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi kwa bidii hadi kola ikaungua kidogo.

Mwalimu wa Kiingereza hakucheka. Vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kufungwa kwa kamba chini ya meza, na alitaka jambo hili nalo liende kwa utaratibu: kusoma kwa sauti, kisha maswali, kisha uamuzi.

Kifungu kilikuwa cha Kiingereza chepesi. Kilimhusu mlinzi wa daraja, aliyewasha taa kila jioni. Ofisi iliacha kumpelekea mafuta. Akaandika barua, hakujibiwa. Usiku mmoja taa haikuwaka, na lori likatumbukia mtoni.

Mtahiniwa alisoma. Alitua kidogo kwenye kila mkato, akashusha pumzi kwenye kila nukta. Hakukwama popote.

"Loo!" seremala alinong'ona. "Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye boksi la misumari, lakini huyu ni redio kabisa. Mpeni, jamani."

"Bado, fundi," alisema mwalimu wa Kiingereza.

Aliuliza, kwa Kiingereza, ni nani aliyewasha taa kila jioni. Kidole cha mtahiniwa kilishuka kwenye karatasi, kikatambaa, kikasimama. Akasoma sentensi nzima yenye maneno yale yale ya swali. Lilikuwa jibu sahihi. Swali la pili akalifanya vivyo hivyo, nalo akalipata.

Mwalimu alikijua kidole kile. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifundisha, katika chumba hiki hiki: tafuta maneno ya swali ndani ya kifungu, kisha nakili mstari wote. Wengi walikuwa wamefaulu kwa njia hiyo, na shule ikapigiwa makofi. Sasa aliweka karatasi ya maswali kando, akauliza kwa maneno yasiyokuwamo kifunguni kama yule mtu alikuwa na kosa.

Kidole kilitambaa kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kikarudi juu. Nje, fyekeo liligonga jiwe na watoto wakaguta.

"Usiku mmoja taa haikuwaka," mtahiniwa alisoma hatimaye.

"Ndiyo. Kwa nini haikuwaka?"

"Usiku mmoja taa haikuwaka."

Mwalimu aliacha Kiingereza. "Mwanangu, geuza karatasi. Nieleze kwa maneno yako tu. Kumetokea nini?"

Mtahiniwa aligeuza karatasi, akafikiri. "Kuna daraja, mwalimu." Akafikiri tena. "Na gari."

"Na mlinzi je?"

"Mlinzi?" Alishtuka kweli. "Kumbe yumo?"

Seremala alianza kuchunguza mbao za dari.

"Mwalimu, nakuomba." Ile sauti ya redio ilikuwa imekwisha. "Shangazi kasema nikiikosa nafasi hii, lile begi nisilirudishe kwake. Sina pengine pa kwenda."

"Nimekusikia, mwanangu." Mwalimu alimgeukia mwalimu mkuu. "Hakuelewa hata sentensi moja. Anasoma kama mtu anayeimba wimbo wa ugenini. Tukimpokea hivi, hatutakuwa tumemsaidia yeye wala mtu mwingine yeyote."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Kusoma nimwekee alama ngapi?"

"Zote."

"Na kuelewa?"

"Hana hata moja."

"Basi ana nusu. Nusu ni kufaulu."

"Mkuu, kufaulu kwa namna gani?"

"Kwa namna tuliyonayo. Wenzake hawakuja hata kukosea." Alivaa tena miwani. "Fundi, una neno?"

"Mimi niseme nini? Nafasi ikikaa wazi tena, wazazi watanila nyama."

"Imekwisha, basi."

Mwalimu mkuu alikwenda dirishani, akapiga makofi. Darasa la sita likaingia kwa mstari, miguu imejaa nyasi, kila mtoto akasimama mahali pake. Mwenye dawati la mbele alibaki amesimama pembeni, akisubiri apishwe. Mtahiniwa aliinuka taratibu, asijue aende upande gani, na mwalimu wa Kiingereza akainama kulichukua furushi lake la vitabu.

"Nyamazeni, nina tangazo," alisema mwalimu mkuu. "Mwalimu wenu wa Kiingereza anastaafu leo. Kuanzia kesho, atakayewafundisha ni huyu hapa."