Fangasi ya Wodi ya Njiti

Kitu cha kwanza Tausi kukiona wodini kilikuwa kucha za nesi Felista: za bandia, ndefu, nyekundu, zikiushika mrija wa kumlishia mwanawe aliyezaliwa njiti.

"Fangasi ya mdomoni unamletea wewe, mama, na matiti yako machafu," nesi alimwambia kila asubuhi mbele ya wazazi wenzake. Tausi alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachanika. Siku ya sita fangasi iliingia kwenye damu, mtoto akafa.

Wiki iliyofuata mtu wa maabara aliwaita Tausi na Felista. "Tumelinganisha vinasaba," alisema. "Fangasi iliyoua watoto watatu ni ya ukoo mmoja, ukoo mkali usiosikia dawa. Kwa akina mama hatukuikuta. Tumeikuta chini ya kucha zako, Felista."

Felista alitia mikono mfukoni. "Pole, mama kitanda cha nne. Kazi ya Mungu."

"Mungu habandiki kucha," alisema Tausi. Kwao jina la mtoto hutolewa siku ya saba; wake hakuifikia, na yeye alikuwa amelimeza jina bila kulitamka. "Na mwanangu si kitanda. Anaitwa Salha. Litaje."